Tetea Aliyevaa Dhahabu

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Hapana, nimekosea. Mvua nyingi zilikuja mwaka uliofuata, ule uliooza viazi vya watu vikiwa bado ardhini. Huu ninaousimulia ulikuwa mwaka mkavu, mwaka wa vumbi, maji ya bomba yakija yanapotaka yenyewe, na Manyoya akiwahi kukinga ndoo alfajiri kabla bomba halijabadili mawazo. Naam, mwaka mkavu. Lazima uwe huo, kwa sababu bila lile jua mambo haya yasingetokea.

Manyoya halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa jikoni ndio waliompachika, kwa kuwa hakuna siku aliyoingia kula bila unyoya kumganda begani. Mwenyewe hakujali. Alikuwa mtu mpole, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi, na kazi yake ilikuwa kutunza ndege kwenye nyumba kubwa yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Ndege wenyewe waliitwa fezanti.

Kama hujawahi kumwona fezanti wa dhahabu, mfikirie kuku aliyevaa nguo za sherehe akasahau kuzivua. Ni jamaa wa kuku, kanga na kwale, na tausi naye yumo katika ukoo huo. Jogoo wake ana kishungi cha manjano laini kama nyuzi za hariri, kifua chekundu cha kuiva, mkia mrefu wenye madoa, na shingoni ana kola ya rangi ya chungwa iliyopigwa mistari myeusi. Akitaka kumshawishi mke huikunjua kola hiyo upande mmoja kama upepeo, ikamfunika uso, likabaki jicho moja tu linachungulia kwa juu, huku anamzunguka mwenzake kwa mbio na kumkemea kwa sauti ya nyoka. Sauti yake nyingine, ile ya kuita, ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Huwezi kupata vyote.

Tetea wake ni rangi ya majani makavu tangu kichwani hadi mkiani. Ana sababu. Yeye ndiye anayeatamia, tena chini kabisa, kwenye majani, na akishakaa juu ya mayai hainuki ovyo, hata chakula anakisahau. Mtu anaweza kupita karibu asimwone. Uzuri wote amemwachia mume, na mume hana kazi.

Mababu zao walitoka milima ya baridi, mbali sana, kwenye vichaka vizito ambamo jua huingia vipande vipande. Huko walitembea kwa miguu, jioni wakirukia tawi kulala, na watu wa milima hiyo waliwasikia zaidi ya walivyowaona. Kwa hiyo rangi zao hazikuumbiwa jua. Ukimweka jogoo wa fezanti juani siku hadi siku, dhahabu yake inapauka kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Ndiyo maana mabanda ya nyumba ile yaliezekwa nyasi nzito, na juu ya nyasi Manyoya alitandika magunia, ndani pakawa na kiza cha kichaka.

Bwana wa nyumba ndiye aliyewaleta. Zamani kulikuwa na aina ya pili pia, wenye kola nyeupe na mkia mrefu kushinda mwili, waliofugwa banda la mbali kwa kuwa aina hizi mbili zikikutana huzaana, na watoto wao hawajulikani tena ni wa upande gani. Hao weupe waliisha. Wakabaki wa dhahabu, na bwana akawapenda kwa pupa. Hasa majogoo. Matetea kwake walikuwa njia ya kupatia majogoo.

Siku bwana alipokuwa kitandani, wa kufa, alimwita Manyoya chumbani. Mkewe, ambaye watumishi wote walimwita Mama, alikuwa amesimama kando ameshika bilauri ya maji.

"Manyoya."

"Bwana."

"Usiwaache ndege wangu. Kaa nao mpaka jogoo wa mwisho aondoke. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Sema ndiyo."

"Ndiyo, bwana."

Kusema ndiyo ni jambo jepesi, hasa mbele ya mtu anayehema vile. Alitoka chumbani akaenda kubadilisha maji ya ndege. Hakujua kwamba alikuwa ametiwa kufuli.

Baada ya mazishi, Mama akatoa amri moja. "Sitaki vifaranga tena. Mayai yote yapelekwe jikoni. Nataka waishe taratibu." Basi kila tetea alipotaga, Manyoya alipenyeza mkono chini ya kifua chake chenye joto, akatoa yai, akalipeleka kwa mpishi, na mpishi akalikaanga. Ndege hawakuongezeka. Ilibaki kusubiri.

Na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Manyoya hakujua kutunza vibaya. Jogoo akikohoa, alimtenga na kumpa dawa. Sakafu ikilowa, aliitia mchanga mkavu. Nguchiro akichimba chini ya waya, aliziba kwa mawe siku hiyohiyo. Ndege wakaishi. Kila alivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo alivyojiongezea kifungo.

"Wewe ni wa ajabu," mpishi alimwambia. Alikuwa mtu mnene mwenye kipara, mtani wake wa miaka. "Mfungwa gani anayemlisha askari wake?"

"Kula wanataka."

"Usahau kufunga mlango jioni moja tu. Nguchiro naye ana watoto."

"Mimi ndiye nitakayeokota mabaki asubuhi, mpishi. Wewe utakuwa umelala."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mabanda, ukuta mmoja. Dirisha lake halikutazama nje; lilitazama ndani ya banda, kwa waya, ili asikie ndege wakishtuka. Asubuhi alipofungua macho, kitu cha kwanza kuona kilikuwa waya, na nyuma ya waya, jicho la ndege likimwangalia. Likizo hakuwa nayo. Aliwahi kuomba siku chache, mpishi akajaribu kumshikia kazi, akaingia bandani na aproni nyekundu. Jogoo akadhani ni jogoo mwenzake. Mpishi alitoka na mikwaruzo mashavuni, likizo ikafia hapo.

Sasa, Manyoya alikuwa mjane, na binti yake wa pekee alikuwa fundi cherehani katika mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti huyo alikuwa amejenga chumba uani kwa ajili ya baba yake. Alipiga simu kila mwisho wa juma kwenye simu ya mpishi.

"Baba, chumba kimepigwa lipu. Dirisha linatazama barabarani, kama ulivyotaka."

"Vizuri, mama."

"Unakuja lini?"

"Karibuni, mama. Wamebaki majogoo wawili."

Kisha mjukuu alipewa simu. Alikuwa hajawahi kumwona babu yake hata mara moja.

"Babu, wewe unakaa ndani ya simu?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Kuna nafasi?"

"Imebana kidogo," alisema Manyoya, na mpishi akageukia sufuria zake ili asionekane uso.

Wawili wakawa mmoja. Halafu asubuhi moja ya mwaka huo mkavu, Manyoya alimkuta jogoo wa mwisho chini ya kitawi chake cha kulalia, amelala ubavu, kola imekunjuka nusu kama vile alikuwa anamsalimia mtu. Uzee tu. Manyoya akamfukia karibu na ukuta. Alilia kidogo, na akiwa analia hakuwa na hakika kama anamlilia ndege au ni furaha imekosea njia ya kutokea.

Akafunga begi lake. Akaenda kwa Mama, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Jogoo wa mwisho ameondoka, mama."

Mama aligeuka kutoka dirishani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyeishi ghorofani siku hizo, chumba kimoja tu kati ya vyote, na mapazia ya vingine yalikuwa yamefungwa tangu msiba.

"Na matetea?"

"Matetea wapo. Lakini maneno yalikuwa jogoo, mama. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Akaitazama kofia. "Maneno ni maneno. Sikuzuii. Nipe muda tu nimpate mtu wa kuwachukua hao matetea, halafu uende."

Mtu akapatikana, mfugaji mwenye vizimba vya mbao nyuma ya gari. Aliwachukua matetea vijana kwa haraka. Yule mkongwe akamgeuza, akamtazama miguu yenye magamba mazito, akamrudisha mikononi mwa Manyoya. "Huyu kashamaliza kutaga. Mtieni chumvi."

"Ndege wa mume wangu haliwi," Mama alisema toka juu, dirishani. "Manyoya, kaa naye kidogo. Nitatafuta mtu mwingine."

Kidogo hiyo ikarefuka. Mtu mwingine hakuonekana, na sijui kama alitafutwa. Begi lilikaa chini ya kitanda limefungwa, na Manyoya akawa anatoa shati moja, anafua, anarudisha.

Ukaja wakati wa ndege kubadili manyoya. Tetea mkongwe akapukutisha yale ya kahawia moja moja, akawa mchafu wa kuonekana, na Manyoya akamtilia dagaa kidogo kwenye chakula ili apate nguvu. Siku moja, akisafisha, aliona kitu cha manjano juu ya kichwa cha yule tetea. Akadhani ni kipande cha jani. Akanyoosha mkono akitoe. Hakikutoka.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alilijua jambo hilo. Hata kuku wa kawaida, akizeeka akaacha kutaga, mara mojamoja huota upanga wa jogoo kichwani na kuanza kutembea kifua mbele. Bwana marehemu alikuwa akisema kwamba kila tetea amebeba nguo za jogoo ndani yake, ila mayai ndiyo yamezifungia. Mayai yakikauka, sanduku linafunguka. Manyoya alikuwa ametikisa kichwa tu, kama mtu anavyoitikia hadithi za tajiri. Sasa sanduku lilikuwa linafunguka mbele yake. Kila alipoamka na kutazama kwenye waya, tetea alikuwa ameongeza vazi. Kishungi. Wekundu kifuani. Halafu, shingoni, mistari ya kwanza ya kola.

"Mama akimwona," alimwambia mpishi, "nimekwisha."

Mpishi alikuja akachungulia, akacheka mpaka akashika waya. "Bibi kizee kavaa suruali."

"Usicheke. Maneno yalikuwa jogoo."

"Lakini huyu si jogoo."

"Wewe unajua. Mimi najua. Mama atasema nini?"

Mpishi akajikuna kidevu. Kisha akatoa wazo lililoharibu kila kitu, na alilitoa kwa moyo mwema. "Si unasema jua linawapausha? Mtolee paa. Mwanike. Akipauka atarudi kuwa kama majani makavu, utaondoka na begi lako."

Manyoya hakulala vizuri na wazo hilo, lakini asubuhi alipanda ngazi. Akaondoa magunia, akavuta nyasi, akafungua upande mzima wa paa. Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Tetea alikimbilia kona hii, akakimbilia ile, kivuli hakuna. Adhuhuri alikuwa amesimama katikati, mabawa yamening'inia mbali na mwili, mdomo wazi, koo linadundadunda. Manyoya alimtazama kupitia dirisha la chumba chake. Alijiambia avumilie. Akajiambia tena. Halafu akanyanyua gunia, akatoka mbio, akapanda juu kulirudisha.

Alipokuwa bado kwenye ngazi, gunia begani, alisikia sauti toka juu.

"Manyoya."

Mama alikuwa dirishani. Miaka yote, kutoka ghorofani, alikuwa anaona paa la nyasi tu. Leo paa halikuwepo, na jua la adhuhuri lilikuwa limeiwasha ile dhahabu kama taa.

"Ulisema jogoo wameisha."

"Wameisha, mama. Huyu ni tetea."

"Mimi si kipofu."

"Ni tetea yule mzee. Kaota manyoya ya kiume. Nimetoa mayai chini yake kwa mkono huu."

"Ninachokiona ni jogoo," Mama alisema, na sauti yake, alivyosimulia Manyoya baadaye, haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeokota kitu alichodhani kimepotea.

Akateremka. Ilikuwa muda mrefu hajafika mabandani, na viatu vyake vilizama mchangani. Mpishi akaitwa awe mwamuzi.

"Sema wewe. Jogoo au tetea?"

Mpishi alimtazama ndege, akamtazama Mama, akamtazama mwenzake mwenye gunia. "Mama, mimi hawa nawajua wakishanyonyolewa tu."

"Anawika?"

"Hawiki," alisema Manyoya.

"Anataga?"

Manyoya akainamisha kichwa. "Hatagi."

"Basi tutangoja. Akitaga, uende. Asipotaga, mimi naona jogoo, na maneno unayajua."

Wote watatu walielewa kwamba ndege yule hatataga hata wangekaa mpaka nywele za mpishi ziote tena.

Alipopiga simu binti, Manyoya hakuwa na namna ya kulieleza jambo hilo likaeleweka.

"Tetea amekuwa jogoo?"

"Hajawa. Amevaa."

"Baba, huyo ni kuku tu."

"Najua, mama."

Siku chache baadaye binti mwenyewe akashuka kwenye basi, akagonga geti kwa jiwe. Alikuja amevaa vizuri, mkoba kwapani, bado ana sindano imechomekwa kolani kama mafundi wanavyosahau. Alimsalimia baba yake kwa magoti, akamsalimia Mama kwa shikamoo kamili, halafu akanyooka.

"Nimekuja kumchukua mzee wangu."

"Kaa kwanza unywe maji," alisema Mama.

"Nimeshakunywa njiani. Mama, nakuomba tusizungukane. Unamtaka yule ndege, au unataka baba yangu asiondoke?"

Mpishi aliyekuwa analeta maji akasimama palepale na sinia.

Mama alivuta kiti cha ukumbini, kimoja kati ya vingi vilivyofunikwa mashuka, akaketi juu ya shuka lake. "Asubuhi nikisikia ndoo yake bombani," alisema polepole, "ndiyo najua kumekucha."

"Nunua saa, mama."

"Saa ninayo. Haimwagi maji."

Hasira ya binti ilikosa pa kukaa. Akamgeukia baba yake. "Begi liko tayari?"

"Liko tayari."

"Geti liko wazi. Twende."

Manyoya hakusogea. Alikuwa anatazama uani, kule kwenye banda.

"Baba, unamtazama kuku."

"Namtazama. Niliitikia mbele ya mtu anayekata roho, mwanangu. Wewe ungeitikia, ungeondoka?"

"Nisingeitikia," alisema binti.

Manyoya alimsindikiza hadi getini, akamshika bega, akamwambia nitakuja. Lini, aliuliza binti. Akasema nitakuja. Binti alitembea bila kugeuka mpaka kona, na pale konani akainama kama mtu anayefunga kiatu, lakini viatu vyake havikuwa na kamba.

Jioni ile mpishi alimkuta ngazini, anatandika nyasi mpya.

"Unaziba tena?"

"Jua litampausha."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Manyoya, akanyoosha mkono apewe gunia.

Tangu siku hiyo Mama alianza kuteremka. Alikuja asubuhi na kiti chake, akakaa mbele ya waya, akaongea na ndege mambo ya bwana. Ndege hakuwika, hakukunjua kola, hakumkimbiza yeyote. Alitembea pole katika kiza chake akiwa na mavazi ya mume na tabia za mke, akachakura majani makavu akajitengenezea kishimo, akakaa juu yake kana kwamba anaatamia. Chini hapakuwa na kitu. Manyoya alipenyeza mkono kwa mazoea, akautoa mtupu, naye Mama alikuwa akimwangalia akifanya hivyo.

Mvua kubwa zilipokuja, ule mwaka uliofuata niliousema, ndege alianza kulegea. Manyoya alimhamishia chumbani mwake, akamwekea makaa ya moto, akamnywesha maji kwa kijiko. Hakufanya hila hata moja. Alimpigania kama vile hakukuwa na mjukuu aliyekuwa anazidi kukua bila yeye. Siku moja mchana, mvua ikipiga bati, ndege akalaza shingo kwenye kiganja chake na hakuinua tena.

Alimfunga kwenye shati safi kutoka begini, akampandisha ghorofani. Mama alifunua shati, akapitisha kidole juu ya kola ya chungwa.

"Alikuwa jogoo," alisema.

"Alikuwa tetea, mama."

"Haya."

Mama mwenyewe alishuka na Manyoya, chini ya mwavuli, akafungua kufuli la geti kwa mkono wake. Mpishi aliaga kwa kumkumbatia mtani wake hadi begi likaanguka topeni. Manyoya akaliokota, akavuka kizingiti, akasikia komeo likirudi nyuma yake. Alikwenda hatua chache tu akarudi. Mama alikuwa bado yuko palepale, upande wa ndani, uso wake kati ya vyuma viwili vya geti.

Manyoya akamuuliza swali. Mama hakulijibu; aliangalia mvua. Mpishi naye aliulizwa baadaye kwa simu, akasema maji yake yanachemka. Binti alisema baba, acha. Na mimi, aliponisimulia haya yote kwenye kile chumba chenye dirisha la barabarani, mjukuu akimpanda mgongoni, aliniuliza vilevile, nami nikanywa chai yangu. Alikuwa amemuuliza hivi:

"Mama, mimi bwana aliniambia nikae mpaka jogoo wa mwisho. Wewe alikuambia ukae mpaka nini?"